Maua na Mistari Sebuleni: Kuchanganya Vitambaa bila Hasara



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka fedha zimekwisha kutoka: namna ya kuchanganya vitambaa vya nakshi mbalimbali katika sebule moja. Familia nyingi za huku, kuanzia Mombasa ya Ukonga hadi Gongo la Mboto, huishi katika chumba na sebule, na sebuleni humo hukutana mapazia, vitambaa vya makochi, mito na kitambaa cha meza. Kila kimoja kilinunuliwa kwa wakati wake, na kila kimoja kilipendeza dukani. Vikishakutana nyumbani vinagombana, na mwenye nyumba hurudi Kariakoo kununua upya.

Mwalimu wa kazi hii tunaye kabatini. Itazameni kanga. Pindo lina nakshi yake na mji una nakshi yake, tena mara nyingi hazifanani hata kidogo: pembeni vitone na mistari, katikati ua kubwa au korosho. Hata hivyo jicho halichoki, kwa kuwa rangi ni zile zile chache, zimerudiwa pande zote. Nasi tufuate njia hiyo. Nakshi zitofautiane kwa umbo na ukubwa, lakini walau rangi moja ionekane katika kila kitambaa. Pazia likiwa la kitenge chenye maua makubwa, mito iwe na vitone vidogo, ama mistari ya kikoi yenye rangi iliyomo katika maua hayo, na kochi libaki na rangi moja tupu. Maua makubwa ya aina mbili katika sebule ya hatua nne huifanya ionekane ndogo kuliko ilivyo. Wapo wanaopenda hivyo hivyo, nasi hatuwagombezi. Nyumba ni yao.

Mwendapo dukani, chukueni mto mmoja wa kochi mwende nao, hata kama daladala imejaa. Kisha tokeni na kitambaa hadi mlangoni mwa duka mkivitazame vyote viwili kwa mwanga wa jua, kwani taa za dukani hudanganya rangi.

Hata hivyo, hasara kubwa hutokana na vipimo. Kitenge huuzwa kwa yadi, na kipande kilichozoeleka ni cha yadi 6. Vitambaa vya mapazia mara nyingi huuzwa kwa mita. Yadi 1 ni sentimita 91.44, hivyo yadi 6 hazifiki mita 5.5. Aliyehitaji mita 6 akachukua yadi 6 amepungukiwa na zaidi ya nusu mita. Basi ulizeni kabla mkasi haujapita: hii bei ni ya yadi au ya mita?

Nakshi kubwa ina gharama nyingine iliyojificha. Ili maua yakutane pale vipande viwili vinapoungana, fundi hulazimika kuanzia kila kipande mahali pale pale pa ua. Tuseme ua linajirudia kila baada ya sentimita 60, na pazia pamoja na sehemu ya kukunja linahitaji sentimita 230. Kila kipande kitakatwa sentimita 240. Kwa vipande vinne mtahitaji sentimita 960, wala si 920. Pimeni marudio hayo kwa tepu kabla ya kulipa, na mnunue vyote kutoka jora moja. Jora la pili la nakshi ile ile huweza kupishana rangi kidogo, na dirishani mchana tofauti hiyo haifichiki.

Sugueni pia kona ya kitambaa kwa leso nyeupe iliyoloweshwa. Leso ikitoka na rangi, kitambaa hicho kitachafua kochi. Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kupelekwa kwa fundi, maana hupungua.

Daini risiti inayoonyesha kiasi na kipimo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na mkiitilia shaka rula ya muuzaji, ukaguzi wa vipimo vya biashara ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Sasa waliokuja na vitambaa vyao waviweke hapa mezani, tuvitazame pamoja.