Kwenda Kusoma kwa Wenyewe: Historia ya Wenyeji wa Meksiko na Masomo ya Ugenini



Tangu lilipotoka pendekezo la kozi yetu ya Oaxaca, nimeulizwa na watu ninaowaheshimu kwa nini mwanafunzi wa historia wa Tanzania apelekwe Meksiko. Swali ni la haki. Fedha ni chache, nyaraka zetu wenyewe bado zimejaa vumbi, na huko ni mbali. Nitajibu kwa mahindi.

Mahindi hayakuota yenyewe porini. Wakulima wa kusini mwa Meksiko waliyatengeneza kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte, kwa kuchagua mbegu msimu hata msimu, tangu miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Katika pango la Guilá Naquitz, karibu na mji wa Mitla jimboni Oaxaca, vimepatikana vigunzi vyenye umri wa zaidi ya miaka 6,000, vifupi kuliko kidole cha mtu mzima. Watu wa nchi hiyo hawakuishia kwenye mbegu. Waligundua kwamba punje zikichemshwa katika maji ya chokaa na kulazwa humo usiku kucha, ganda hulegea, unga hushikana, na mwili hupata vitamini ambayo punje isiyotiwa chokaa huizuilia. Hadi leo, alfajiri, akina mama wa Kizapoteki huosha mahindi hayo kwenye ndoo, maji yakitoka ya manjano na maganda yakielea juu kama ngozi za vitunguu, kisha wanayapeleka mashineni au wanayasaga kwa jiwe.

Mahindi yalipovuka bahari katika karne ya 16, mbegu ilisafiri na elimu ya chokaa ikabaki. Kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, maskini walioishi kwa mahindi matupu walipatwa na pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na mwisho ni kifo. Wala hayo si ya kale peke yake. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na ugonjwa huohuo baada ya karanga kukosekana katika mgao wao. Hapo ilikuwa imepita miaka mia nne na zaidi tangu zao hilo lifike Afrika, na kilichowaponza ni jambo ambalo bibi yeyote wa kijiji cha Oaxaca angeweza kulieleza akiwa jikoni kwake. Mkonge nao ulitujia hivyohivyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta Tanga miche ya mmea wa Meksiko kupitia Florida na Hamburg. Kati ya miche 1,000 ilifika 62, na kutoka hiyo yakachipuka mashamba tunayoyajua. Mimea hii imelisha na kusomesha familia zetu, na waliotutangulia kuijua hatujawahi kuketi nao.

Hoja yangu ya leo, kwa hiyo, ni moja. Historia ya wenyeji wa Meksiko haisomeki vizuri mpaka wenyeji wenyewe wawe walimu wetu, watahini wetu, na wasomaji wa kwanza wa tunachokiandika. Safari isiyofika hapo ni matembezi, hata mwishoni ikitolewa cheti.

Tuanze na mahali ambapo karibu kila kozi ya aina hii huanzia: Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia katika bustani ya Chapultepec, Jiji la Meksiko, yaliyofunguliwa mwaka 1964. Ni jengo zuri mno. Ghorofa ya chini imewekwa akiolojia: vichwa vya mawe vya Waolmeki, vitu vya Teotihuacan, na katika ukumbi wa Waazteki lile Jiwe la Jua lenye uzito wa tani zaidi ya 24, lililofukuliwa katika uwanja mkuu wa jiji mwaka 1790. Hapo wageni husongamana. Ghorofa ya juu inahusu watu wa leo: Wanahua, Wamixteki, Wazapoteki, Wamaya na wengineo, nyumba zao, mavazi yao, zana zao. Wageni wengi hufika juu wamechoka, au hawafiki kabisa. Jiwe la mababu linapigwa picha, wajukuu wanapitwa.

Mwanafunzi akitoka hapo na kwenda moja kwa moja kwenye piramidi, ataamini bila kuambiwa na mtu kwamba watu hawa walikwisha tarehe 13 Agosti 1521, Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulipoanguka. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu wasemaji wa lugha za wenyeji wapatao milioni 7.4. Sheria ya mwaka 2003 inazitambua lugha hizo kuwa lugha za taifa, nazo zinahesabiwa kuwa 68. Kinahuatl peke yake kina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa hiyo katika kozi yetu napendekeza ghorofa ya juu itangulie. Mwanafunzi akutane kwanza na watu walio hai, halafu ateremke kwa mawe akiwa na maswali yao.

Sasa nije kwenye maandishi, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tumezoea kudhani kwamba historia ya walioshindwa huandikwa na washindi tu. Meksiko inatukatalia. Baada ya kutekwa, Wanahua walijifunza herufi za Kilatini upesi ajabu, wakazitumia kuandika lugha yao kwa zaidi ya karne mbili. Katika chuo cha Tlatelolco, kilichofunguliwa mwaka 1536, mtawa wa Kifransisko Bernardino de Sahagún alifanya kazi na wasomi wa Kinahua, miongoni mwao Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita na Pedro de San Buenaventura. Walihoji wazee, wakaandika, wakachora. Matokeo yake ni kazi ya vitabu 12, safu moja kwa Kinahuatl na nyingine kwa Kihispania, yenye picha zaidi ya 2,000, ambayo leo imehifadhiwa Florence katika maktaba ya Laurenziana. Jalada kwa kawaida limebeba jina la mtawa. Mimi nawataka wanafunzi wangu wayataje na majina mengine manne.

Kuna jambo katika kazi hiyo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kuliona kwa macho yake. Mwaka 1576 uliingia ugonjwa mkali ulioua watu wengi sana katika bonde la Meksiko. Waandishi na wachoraji waliendelea na kazi. Ukifungua vitabu vya mwanzo, picha zina nyekundu, buluu na kijani. Ukifika kitabu cha 12, kile kinachosimulia vita vya Wahispania kwa kauli ya watu wa Tlatelolco, picha nyingi ni za wino mweusi mtupu. Wataalamu wanaeleza kwamba rangi ziliadimika wakati wa maradhi. Sijaona ushahidi wa kihistoria unaonigusa kuliko huo: watu wanaandika habari za kuanguka kwa mji wao huku jirani zao wanazikwa, na ukurasa wenyewe unabeba alama ya msiba. Tangu mwaka 2023 kurasa zote zinapatikana kwenye intaneti zikiwa na maandishi ya Kinahuatl, hivyo somo hili linaweza kuanzia hapahapa, kabla ya tiketi ya ndege.

Yapo na maandishi madogo, yasiyo na picha. Mwanahistoria James Lockhart, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Wanahua baada ya uvamizi, alijenga hoja zake juu ya nyaraka za kawaida za Kinahuatl: wosia, hati za ardhi, kesi. Wosia za Culhuacan za karibu na mwaka 1580 zinaonesha wanaume na wanawake wanaokabili kifo wakigawa nyumba, vipande vya shamba la ziwani, madeni na fedha za kuombewa misa. Mtu anayetaja mpaka wa shamba lake hatua kwa hatua hafanani na yule Mwazteki wa filamu.

Nani atatufundisha kuzisoma? Mjini Zacatecas iko taasisi iitwayo IDIEZ ambako wasemaji wa Kinahuatl kutoka eneo la Huasteca hufundisha lugha yao kwa wanafunzi wa kigeni, wengi wao wakiwa wanahistoria waliokuja kwa ajili ya nyaraka za kale. Mwaka 2016 kikundi hicho kilitoa kamusi ya Kinahuatl iliyofafanuliwa kwa Kinahuatl chenyewe. Hapo yule anayeitwa mtoa habari katika vitabu vingi vya anthropolojia anashika chaki, na profesa mgeni anakaa dawatini.

Oaxaca yenyewe nimeichagua kwa sababu ya kijiji kimoja. Mwaka 1985 watu wa Santa Ana del Valle, Wazapoteki, walikuwa wakitengeneza uwanja wa kijiji chao wakakuta masalia ya kale. Kawaida ya wakati ule ni kwamba vitu vya namna hiyo huchukuliwa na kupelekwa mjini. Mkutano wa kijiji ukaamua vibaki, na mwaka 1986 ukafungua makumbusho yaitwayo Shan-Dany. Ndani yake hamna mawe tu. Wazee waliulizwa habari za Mapinduzi ya Meksiko, na kumbukumbu zao zikaingia ukutani pamoja na ufumaji na ngoma ya manyoya. Makumbusho yanaendeshwa na kamati inayoteuliwa na mkutano wa kijiji. Mwaka 1991 makumbusho ya vijiji vya Oaxaca yakaungana kuwa na umoja wao.

Kamati hiyo inatupeleka kwenye siasa. Oaxaca ina manispaa 570, na zaidi ya 400 huchagua viongozi kwa mila zao, mkutanoni, bila vyama. Mtu hupanda kutoka utumishi mdogo hadi mkubwa, na kila mmoja hutoa siku za kazi ya kijiji, tequio, ambayo Mpare au Msambaa ataitambua mara moja kuwa msaragambo. Lakini sitaki mwanafunzi arudi akisifu tu. Mwaka 2007, huko Santa María Quiegolani, Eufrosina Cruz aligombea umeya na kura zake zikatupwa kwa kuwa ni mwanamke. Alipinga hadharani, na baadaye akawa mwenyekiti wa bunge la jimbo. Waliomkatalia ni Wazapoteki na aliyewashinda kwa hoja ni Mzapoteki. Mjadala huo ni wao, nasi tuwe tayari kuusikiliza wote.

Vilevile tusiende kutafuta utamaduni usioguswa na mkono wa mgeni. Katika kijiji cha Teotitlán del Valle, mfumaji huchukua wadudu waliokaushwa wa mpungate, anawasaga, anaweka unga kiganjani. Akikamulia ndimu rangi inageuka nyekundu ya moto, akitia chokaa inakuwa zambarau. Ufundi huo ni wa kabla ya Wahispania, na wakati wa ukoloni rangi hiyo ilikuwa ya pili baada ya madini ya fedha katika mauzo ya nje. Lakini sufu anayoitia rangi ni ya kondoo walioletwa na Wahispania, na mtambo wa kanyagio ulikuja nao. Ukimwambia kwamba zulia lake si la asili, umekosea wewe.

Ninachokiomba chuo hakihitaji jengo jipya. Wanafunzi wasome Kihispania mihula miwili kabla ya kuondoka, kwa kuwa asiyeweza kusalimia wala kuuliza bei sokoni atabaki mikononi mwa mfasiri. Wakifika, saa za kwanza ziwe za Kizapoteki, hata kama ni salamu, hesabu na majina ya vyakula, na anayefundisha alipwe kwa kiwango cha mhadhiri wa nje na si kwa zawadi. Sehemu ya alama itolewe na wenyeji wanaowapokea. Na kila tasnifu ifupishwe kwa Kihispania, ipelekwe mbele ya kamati ya kijiji kilichohusika ijadiliwe huko kabla sisi hapa hatujaipitisha, na kamati ikisema jambo fulani lisichapishwe, lisichapishwe. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kilichorudishwa na baraza mara zote, nami nakileta tena jioni hii, kikiwa vilevile kilivyoandikwa.