Dawa Iliyogeuka Kuwa Bwana

(Hotuba kwa wanachama na vijana wa tawi)



Leo twasema habari ya dawa za maumivu, zile za ukoo wa afyuni zitolewazo kwa cheti cha daktari. Msidhani twawasema wahuni wa vichochoroni. Twasema watu wenye kazi na nyumba zao, na watoto wa shule.

Tutazame Marekani. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge kiitwacho OxyContin. Mawakala wake waliwazungukia madaktari wakiwaambia kwamba hatari ya mtu kutawaliwa na dawa hiyo ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kortini kwamba maneno yale yalikuwa ya udanganyifu. Lakini fedha ilikwisha ingia mfukoni. Kufika mwaka 2012 madaktari wa nchi ile waliandika vyeti zaidi ya milioni 250 vya dawa za namna hii kwa mwaka mmoja. Katika mji wa Kermit, West Virginia, wenye watu wapatao 400, duka moja la dawa lilipelekewa vidonge karibu milioni 9 katika miaka miwili. Je, ndugu, watu 400 waumwa kiasi gani? Huko ni kwa wachimba makaa ya mawe, watu waliovunjwa migongo na kazi. Tajiri mmoja alichukua makaa, na mwingine akaja kuchuma katika maumivu yaliyobaki.

Mwaka 2015 serikali yao iliona kwamba watu wazima kiasi cha milioni 11 na nusu walizitumia dawa hizi isivyo halali. Zaidi ya nusu walisema walitaka kuondoa maumivu ya mwili, wala si anasa. Na wapatao 40 katika kila 100 walipewa bure na jamaa au rafiki. Huruma ya nyumbani, basi, ndiyo iliyokuwa duka!

Kijana ni shauri jingine. Yeye huvikuta kabatini mwa mama, au hupewa na mwenzake. Mwaka 2004 zaidi ya wanafunzi 9 katika kila 100 wa darasa la mwisho la sekondari walikuwa wamezitumia bila cheti. Hesabu hiyo imeshuka sana tangu hapo, lakini vifo vya vijana viliongezeka zaidi ya maradufu kati ya 2019 na 2021, hasa kwa sababu ya fentanili, ikiwamo ile iliyofichwa katika vidonge vya bandia.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya ng'ambo. Tramadoli kutoka India ilimiminika Afrika ya Magharibi, hata India yenyewe ikaiweka chini ya sheria ya dawa za kulevya mwaka 2018. Mwaka huo huo Nigeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa ya kikohozi yenye kodeini.

Wako watakaosema, basi zifutwe zote. Hapana. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha ana haki ya mofini. Jirani zetu wa Uganda huitengeneza ya maji, kwa bei nafuu, na wauguzi waliofunzwa wana ruhusa ya kuiandika.

Kwa hiyo twaomba kila mama na kila mzee leo jioni afungue kabati lake. Vidonge vya maumivu vilivyobaki avirudishe hospitali, wala asimgawie jirani.