Kifaa cha Koklea Kinapoharibika: Dalili, Vipimo na Haki ya Mgonjwa

Hotuba kwa wakazi, Siku ya Usikivu Duniani, tarehe 3 Machi



Mada ya leo inawahusu watoto na watu wazima waliopandikizwa kifaa cha koklea, kifaa kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio.

Kifaa hiki kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa sikioni, nayo ina mikrofoni, betri, waya na sumaku. Ya ndani huwekwa chini ya ngozi kwa upasuaji, na elektrodi zake huingia kwenye koklea. Sehemu ya ndani imeundwa idumu miaka mingi, lakini ni mtambo, na mtambo huharibika. Unyevu unaweza kupenya, au mtoto akaanguka na kugonga kichwa. Mwaka 2011 kampuni ya Cochlear ya Australia iliondoa sokoni vifaa vyake vya Nucleus CI500 baada ya baadhi kuzimika.

Hitilafu ni za aina mbili. Ya kwanza hujitangaza: sauti hukatika kabisa. Ya pili hujificha: mtoto anasikia leo, kesho hasikii, anavua kifaa kila mara, analalamika kuhusu maumivu au milio, maneno aliyokwisha kuyajua yanaanza kupotea. Hapo ndipo huitwa mkaidi au mvivu darasani, na miezi hupita. Kwa mtoto anayejifunza kusema, miezi hiyo ni hasara kubwa.

Mtaalamu wa usikivu hufuata hatua. Kwanza hubadilisha vipande vya nje kimoja kimoja, kwa kuwa mara nyingi tatizo huwa huko. Kisha hupima kwa kompyuta iwapo sehemu ya ndani inajibu na kila elektrodi inapitisha umeme, akilinganisha na vipimo vya awali. Kwa hiyo mgonjwa asikose kliniki hata anaposikia vizuri: bila rekodi, hakuna cha kulinganisha. Eksirei huonyesha kama elektrodi zimesogea, na mtengenezaji anaweza kuombwa apime uzima wa kifaa. Vipimo vikitoka safi na dalili zikaendelea, timu bado inaweza kuamua kukibadilisha. Wakati mwingine hitilafu huthibitishwa baada tu ya kifaa kutolewa na kuchunguzwa.

Kubadilisha ni upasuaji mwingine. Wengi hurudia usikivu waliokuwa nao, ila kifaa kipya lazima kipangwe upya. Mipangilio ya zamani hainakiliwi tu, na mtoto huhitaji tena mazoezi ya kusikiliza.

Wazazi wazingatie haya:

• Kadi yenye nambari ya kifaa itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

• Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 10 kwa sehemu ya ndani. Dhamana ya kifaa si lazima igharamie upasuaji. Majibu yaombwe kwa maandishi.

• Mwenye kifaa hiki yumo katika hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya nimokoka, inayotolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2011, isikoswe. Homa kali na shingo kukakamaa ni dharura.

• Mwalimu akiona mabadiliko, amwite mzazi siku hiyo hiyo.

Mtoto aliyeacha kuitika apimwe kwanza kabla ya kuadhibiwa.