Kumtambua Nyati Mzee Kabla ya Risasi

Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya vijiji



Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inavitambua vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama. Katika vijiji vinavyopokea wawindaji, mali inayotembea porini ni mali ya umma, nayo hulindwa kwa jicho kabla ya kulindwa kwa daftari.

Nyati, au mbogo kama wengi wanavyomwita, huzaa ndama mmoja baada ya mimba ya miezi 11 hivi. Dume kwa kawaida hapati nafasi kubwa ya kupanda majike mpaka afikie miaka 7 au 8, atakapokuwa na nguvu ya kuwashinda wenziwe. Akiuawa akiwa na miaka 6, kundi limepoteza mbegu ambayo haijapandwa.

Kosa linalorudiwa mno ni kumpima dume kwa upana wa pembe. Ncha za pembe huchakaa kwa kupigana, kuchimba udongo na kusugua vichaka; kwa hiyo kijana aweza kuwa na pembe pana kuliko mzee wa miaka 12. Mgeni hupenda ncha ndefu, na askari wa kijiji aliyefuatana naye huona haya kumzuia, hasa ikiwa anatazamia bakshishi. Hapo ndipo chama kinapopata hasara.

Mahali pa kutazama ni kwenye paji, mashina mawili ya pembe yanapokaribiana. Kwa dume kijana ukingo wa mbele wa shina bado ni laini, una rangi hafifu na manyoya juu yake. Kwa aliyekomaa, pembe ni ngumu na nyeusi hadi ukingoni, yenye mikwaruzo ya vita. Nafasi iliyobaki katikati si hoja. Wapo wazee ambao mashina yao hayakutani kabisa. La kuhofiwa zaidi ni tope. Nyati hupenda kugaagaa, na tope likikauka huziba nafasi ile na kuficha manyoya, kijana akaonekana mkongwe. Basi asubiriwe mpaka ageuze kichwa kwenye mwanga. Asipogeuza, aachwe.

Masikio yaliyochanika, uso uliopungua manyoya na mifupa ya nyonga iliyotokeza husaidia. Kukaa mbali na kundi pekee si ushahidi, kwani vijana nao huunda vikundi vyao.

Kwa simba, ambaye kanuni za Tanzania zilimwekea umri wa miaka 6, pua hutazamwa: huanza nyekundu, ikaingia weusi kadiri miaka inavyopita. Dume wa familia akiuawa mapema, madume wageni huingia na kuwaua watoto wake, hata risasi moja ikagharimu vichwa vingi.

Baada ya mnyama kuanguka, kazi humrudia katibu. Neno “mzee” halitoshi katika daftari. Iandikwe hali ya mashina ya pembe, na jina la askari aliyekubali mnyama yule apigwe. Taya la chini nalo lihifadhiwe likiwa na namba yake, kwa kuwa gego la kwanza la kudumu ndilo hutangulia kuota na kuchakaa, na jino halifunikwi na tope.