Tarehe ya Mtoto: Tunahesabu Tangu Fasi Gani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, Baraka, teritori ya Fizi



Mkutano uliopita tuliongea juu ya mbegu na juu ya madeni ya kasa. Leo tunaomba tuongee juu ya mimba: namna ya kujua mtoto atazaliwa lini, na namna ya kuifuata mimba mpaka siku ile. Wababa, tafadhali msitoke inje. Mbele kidogo mtaona kwa nini tunawaomba hivyo.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Mnajua kwamba kasa yetu inaweka pesa kidogo ya kumfikisha mama kwenye maternite, iwe ni ya moto ao ya pirogi. Sheria tuliyoiweka ilisema pesa inatoka mimba ikifika mwezi wa tisa. Mwaka juzi mama mmoja alikuja kujiandikisha. Tukamuuliza: "Mama, mimba iko na miezi ngapi?" Akajibu: "Tatu." Tukaandika tatu. Hatukumuuliza anahesabu tangu fasi gani. Kumbe yeye alikuwa anahesabu tangu tumbo lilipoanza kuonekana kwa watu. Ile mimba ilikuwa na karibu miezi saba.

Uchungu ulimkuta shambani, usiku, mbali na barabara. Kwenye liste yetu mimba yake ilikuwa haijafika hata miezi sita. Pesa ilikuwa kwenye sanduku, na funguo zilikuwa kwetu. Alipofika kwa akushezi, mtoto alikuwa ameisha kufa. Mama alipona, Mungu asifiwe. Lakini mtoto alikuwa mkubwa, ametimiza siku zake zote. Yule mama hakutudanganya. Sisi njo tuliuliza vibaya.

Basi, tunahesabu tangu fasi gani? Mimba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho wa mama, ni kusema siku ile aliyoona damu mara ya mwisho ilipoanza. Si siku ilipokwisha, wala si mwezi ambao damu ilikosa kuja. Tangu siku hiyo mpaka kuzaa ni siku 280, ambazo ni majuma 40. Sisi tuliokaa Tanzania tumezoea kusema wiki 40. Ni kitu kimoja.

Mwenye kujua tarehe anaweza kuhesabu kwa kichwa. Anaongeza siku 7, kisha anarudi nyuma miezi 3. Mfano: damu ilianza tarehe 10 ya mwezi wa tatu. Kumi na saba inakuwa 17. Rudi nyuma miezi mitatu, unafika mwezi wa kumi na mbili. Mtoto anangojewa karibu tarehe 17 ya mwezi wa kumi na mbili. Mfano mwingine: damu ilianza tarehe 26 ya mwezi wa sita. Ongeza siku 7, unaingia tarehe 3 ya mwezi wa saba. Rudi nyuma miezi mitatu: tarehe 3 ya mwezi wa ine. Hesabu hii inaitwa kwa jina la Franz Naegele, muganga wa Ujerumani wa karne ya 19. Kama akushezi anatumia kile kigurudumu chake cha karatasi na mnaachana siku moja ao mbili, si kitu.

Na asiyejua kusoma? Tuchukue chupa na punje 40 za mahindi. Kila juma likitimia, mama anatoa punje moja. Kama amejua ana mimba wakati majuma nane yameisha kupita, anatoa nane mara moja, kisha anaendelea. Achague siku asiyoweza kusahau: siku ya soko, Jumapili ya kanisa, ao Ijumaa ya msikiti. Chupa ikae fasi ambapo baba pia anaiona.

Sasa wababa, hapa njo penu. Wengi wetu hatukurudi siku moja. Bibi alitangulia na watoto kutayarisha shamba, bwana akabaki kambini, ao akaenda kutafuta maisha kwenye machimbo. Mwaka uliopita baba mmoja alivuka ziwa akafika nyumbani tarehe 28 ya mwezi wa sita. Tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja bibi yake alitoka CPN, na fishi ilisema: majuma 20. Baba anajua kusoma. Akachukua kalenda, akahesabu tangu alipofika nyumbani. Akapata majuma 18. Akahesabu tena, yakabaki 18. Akamuuliza bibi: "Na hizi majuma mbili ni za nani?"

Mama alilia, akaapa, haikusaidia. Vyombo vyake vilifungwa, akarudishwa kwa wazazi wake akiwa na tumbo lake na mtoto mmoja mgongoni. Tulipopata habari tulikwenda kwa yule baba pamoja na mama akushezi na mzee mmoja wa ukoo. Mama akushezi hakubishana naye. Alimwambia: "Baba, wewe umehesabu vizuri. Na mimi nimehesabu vizuri. Tumeanzia tu fasi mbili." Akachora msitari chini kwa fimbo. Huku damu ilianza, tarehe 14 ya mwezi wa sita. Kwa mama ambaye mwezi wake unarudi kila siku 28, mimba inashika karibu siku 14 baadaye. Kwa hiyo yale majuma mawili ya kwanza hayana mtoto ndani. Tunayahesabu tu juu siku ya damu mama anaiona na kuikumbuka, lakini siku mimba inaposhika hakuna mtu anayeiona.

Yule baba alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa wakwe.

Ndugu zangu, tuseme wazi: hesabu hii haikutengenezwa kuonyesha baba ni nani. Kuna mama ambaye mwezi wake ni wa siku 35, mwingine anasahau tarehe, na yai la mama linaweza kuchelewa ao kutangulia. Fishi ya CPN isipelekwe mbele ya wazee kama ushahidi wa kuvunja nyumba.

Turudi kwa mama asiyekumbuka tarehe. Tusimlaumu, tumsaidie kukumbuka. Damu ya mwisho ilikuja mbele ya sikukuu ya 30 mwezi wa sita ao nyuma yake? Watoto walikuwa wameisha kurudi masomoni? Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha? Karanga zilikuwa bado shambani? Wamama Waislamu wana njia nzuri: kama ilikuwa Ramadhani, mama anajua siku alizoacha kufunga juu ya damu, maana lazima azilipe.

Kuna wale ambao hesabu ya damu haiwezi kuwasaidia: mama aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, mwezi wake haujarudi, na mama aliyekuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi. Hao waende CPN mapema sana. Ekografi ya miezi ya kwanza inaonyesha umri wa mimba vizuri, kwa sababu mwanzoni watoto wote wanakomaa karibu sawa. Ile ya mwezi wa nane haionyeshi tarehe vizuri, kwani kufikia pale mmoja ni mnene na mwingine ni mwembamba. Kwa hiyo kama tarehe ilipatikana vizuri mwanzoni, tusiibadilishe juu ya ekografi ya mwisho.

Na mahali ambapo ekografi haiko? Mwili wenyewe unaonyesha. Karibu majuma 12 akushezi anaanza kusikia kizazi juu ya mfupa wa chini ya tumbo. Karibu majuma 20 kimefika kwenye kitovu. Karibu 36 kimefika chini ya kifua. Baada ya majuma 20 anapima kwa metre, kama ile ya fundi wa nguo, na santimetre zinakaribiana na majuma: majuma 28, karibu santimetre 28. Zikiachana zaidi ya 3, lazima atafute sababu. Pengine ni mapacha, pengine tarehe ni mbaya, pengine mtoto hakomai. Mama pia anashika siku mtoto alipocheza mara ya kwanza: mimba ya kwanza ni karibu majuma 20, zinazofuata zinaweza kutangulia majuma mawili ao zaidi. Mwambie akushezi aandike siku hiyo.

Zamani tulizoea kusema CPN ine. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonekane mara 8: mbele ya majuma 12 kutimia, kisha 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hapo mnaona faida ya chupa. Hata fansidar ya kukinga malaria inafuata hesabu: haitolewi mbele ya juma la 13, na kati ya dozi na dozi lazima mwezi mmoja upite. Tarehe ikiwa mbaya, dawa nayo inakosa wakati wake.

Tarehe ile si ahadi. Kwa watoto 100, karibu 5 tu njo wanazaliwa siku yenyewe iliyoandikwa. Mtoto akija mbele ya majuma 37, amekuja mapema na anahitaji joto na uangalizi. Punje zikiisha zote na juma lingine likapita, mama asingoje nyumbani akisema "mtoto atakuja akipenda". Aende opitali. Kufika majuma 42 ni hatari kwa mtoto.

Na kuna mambo ambayo hayangojei punje hata moja: damu kutoka, maji kupasuka, homa kali, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, kifafa, ao mtoto kuacha kucheza. Hapo ni kutoka saa ile ile, hata usiku.

Sasa tunaleta maombi mawili mbele yenu. La kwanza: ile sheria ya mwezi wa tisa tuifute. Pesa itoke punje 4 zikibaki kwenye chupa, ni kusema majuma 36, na kwa mama ambaye tarehe yake haijulikani vizuri itoke punje 8 zikibaki. Tangu wakati huo mama asilale kwenye mashamba ya mbali. La pili: kwenye daftari ya kasa tusiandike tena "miezi ngapi". Tuandike siku ya damu ya mwisho na tarehe inayongojewa, na jina la mtu wa nyumbani anayeijua. Tungependa mtu huyo awe baba.

Kwa marafiki wanaotutumia msaada: hatuwaombi mashine kubwa leo. Metre, kalenda, daftari, na mafuta ya moto yakiwa tayari mbele ya uchungu kuanza, hivyo njo vinavyotufaa kila mwezi. Mnapotuuliza kwa nini tunataka pesa ikae tayari majuma ine bila kutumiwa, jibu letu ni yule mtoto wa mwaka juzi.

Na yule mama aliyerudishwa kwa wazazi? Tarehe yake ilikuwa 21 ya mwezi wa tatu. Alizaa tarehe 16, kwenye maternite, mtoto wa kike. Bwana yake alikuwa pale inje. Chupa aliileta mfukoni mwa koti, na ndani ilibaki punje moja.

Mwenye swali asimame.