Turudi Pale Tulipoangukia
(Mazungumzo ya redio)

Neno letu la leo linapatikana katika Injili ya Yohana, sura ya 21, tangu mstari wa 9 hata wa 19. Mlio na Biblia karibu, zifungueni. Lakini kabla ya kulifikia Neno hilo, tuzungumze kidogo juu ya mchezo mmoja wa kompyuta ambao vijana wengi wanaufahamu.

Mchezo huo unaitwa Doom. Ulitolewa Marekani mwezi wa Desemba 1993. Mchezaji ni askari aliyebaki peke yake katika kituo kilichojengwa Phobos, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mirihi. Anaona kwa macho ya askari huyo, bunduki i mbele yake, na viumbe wa kutisha wanamtokea kila pembe. Hata leo ipo michezo mipya inayotengenezwa kwa mtindo huo wa zamani. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2015, kulitoka mchezo wa jamii hiyo uitwao Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanauvamia mji wa Nairobi. Wazazi wengine huchukizwa na damu iliyomo katika michezo hii, nao wana haki ya kuuliza. Leo tunataka kutazama jambo jingine.

Doom ni mchezo mgumu. Katika daraja la tano, lililo gumu kupita yote, hata adui uliyemwua huinuka tena. Mchezaji hufa, hufa, na hufa tena. Lakini ameweka alama mahali fulani njiani, na akifa hurudi pale. Jeraha halipo, risasi zake zimerudi, na hakuna anayekumbuka kwamba alianguka.

Tulipofika Kipungani, kule upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, tulizungumza na kijana mmoja aliyekuwa akiucheza mchezo huo usiku kucha katika kompyuta kuukuu. Ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kutaja jina lake. Kipungani ni kijiji cha wasusi, na mama yake husuka ukili na kushona mikeka. Siku moja alimpa mwanawe mikeka ya kazi ya wiki nyingi, aipeleke kwa mashua mjini Lamu. Kijana aliiuza, fedha akazitumia, kisha akamwambia mama yake kwamba mwenye duka amekataa kulipa. Tangu siku hiyo hakuweza kumtazama mama usoni. Akakimbilia kwenye mchezo, maana humo kila kosa hufutika.

Mwishowe alishindwa kuvumilia, akasema kweli. Mama hakumfukuza. Wala hakumwambia, "Basi, yamepita." Alisema hivi: "Mwanangu, ukili ukikosewa hautupwi. Wala hauendelezwi kana kwamba hapana kosa. Unafumuliwa mpaka pale ulipokosewa, ukasukwa tangu hapo. Nenda dukani kwa yule uliyemsingizia."

Kijana akaenda. Akamwomba radhi mwenye duka, kisha akafanya kazi ya kuchukua mizigo gatini, akazirudisha zile fedha kidogo kidogo. Mama huyo si wa kanisa letu; yeye ni Mwislamu, kama walivyo majirani zake wengi. Lakini alitufundisha kuisoma Injili yetu vizuri zaidi.

Tazameni sasa habari za Petro. Katika sura ya 18 alisimama penye moto wa makaa, akamkana Bwana wake mara tatu. Katika sura ya 21 Yesu aliyefufuka anamngoja ufukoni, na pale pana moto wa makaa. Anamwuliza swali mara tatu. Petro anahuzunika, maana anakumbuka. Bwana hakumrudisha nyuma ya kosa lake, kana kwamba usiku ule haukuwapo. Alimrudisha pale pale alipoangukia, na hapo hapo akamkabidhi kondoo wake awalishe.

Ndugu zangu, je, wangapi kati yetu tunatafuta msamaha wa namna ya ule mchezo? Tunataka kuanza upya, lakini deni hatulipi, na yule tuliyemchafulia jina hatumwendei. Neema ya Mungu haitufichi mbali na mahali hapo. Hutushika mkono ikatupeleka. Kama liko duka ambalo wewe unalipita kwa kuzunguka, au nyumba usiyopiga hodi tena, basi Bwana amekutangulia huko, naye anakungoja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemngoja Petro penye moto wa makaa, utupe moyo wa kurudi pale tulipoangukia, tukukute hapo, tuinuke pamoja nawe. Amina.