Chumvi au Sukari Katika Uji?

Neno la asubuhi redioni. Masomo: Warumi 14:13–19, Wagalatia 2:11–14, Marko 9:50

Kwa kuwa saa hii nyumba nyingi zapika uji, tumeona vema tuzungumze juu ya uji wenyewe, na juu ya swali ambalo limeleta maneno katika nyumba nyingi: je, uji utiwe chumvi, au utiwe sukari?

Labda mtu atacheka na kusema, "Leo wahubiri wamekosa la kuhubiri." Ngoja kidogo, ndugu. Nyumba nyingi hazikubomolewa na mambo makubwa. Zilianza kupata ufa kwa neno dogo lililosemwa mezani, na hakuna aliyeuziba ufa ule. Esau na Yakobo walikuwa ndugu wa tumbo moja, na habari zao za huzuni zinaanza na chakula cha dengu kilichokuwa jikoni (Mwanzo 25:29–34). Basi tusidharau yaliyomo chunguni.

Tuanze na uji wenyewe. Katika nchi yetu kila watu wana uji wao na jina lake. Wakikuyu huuita ucuru, Wajaluo nyuka, Waluhya busera, Wakisii erongori. Uko uji wa wimbi, wa mtama, wa mahindi, na wa unga uliochanganywa. Wengine huuacha unga uchachuke siku mbili tatu kabla ya kupika, nao uji hupata ule ukali unaoamsha ulimi. Wengine hukamulia ndimu au hutia ukwaju. Wengine hutia maziwa, wengine njugu karanga zilizosagwa. Kule Pwani kuna uji wa mchele uliopikwa kwa tui la nazi. Na katika haya yote, wako wanaosema uji bila chumvi haumezeki, na wako wanaosema uji wa chumvi ni chakula cha adhabu.

Kila upande husema, "Hivi ndivyo wazee wetu walivyokunywa." Lakini tukumbuke kwamba watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki wamelima wimbi kwa maelfu ya miaka, hali kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, na kile cha Ramisi mwaka 1927. Baada ya uhuru vikafuata Muhoroni mwaka 1966, Chemelil mwaka 1968, na Mumias mwaka 1973. Kabla ya sukari ya dukani, aliyetaka utamu alitafuta asali, au aliutafuta katika nafaka yenyewe. Kwa hiyo mengi tunayoyaita desturi ya mababu ni desturi ya juzi tu. Si dhambi kuwa na desturi ya juzi, ila si vema kumpiga mwenzako kwa fimbo ya mababu ambao hawakuishika kamwe.

Hata waliotuletea Injili hawakuwa na bakuli moja. Wamisionari wa Scotland walioanza kazi Kibwezi mwaka 1891, kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898, walitoka katika nchi ambako uji wa oti hupikwa kwa maji na chumvi. Mpaka leo, katika kijiji cha Carrbridge huko Scotland, ambako mashindano ya kupika uji yalianza mwaka 1994, uji wa mashindano ya kimila hupikwa kwa vitu vitatu tu: oti, maji na chumvi. Lakini majirani zao Waingereza, ambao nao walileta Injili kwetu, wengi wao hupenda kutia sukari. Basi Habari Njema ilitufikia kwa mikono ya watu wa chumvi na kwa mikono ya watu wa sukari, na wokovu ni ule ule.

Sasa mtu atasema, "Tuulize Biblia, itaamua." Haya, tuiulize. Mtu wa chumvi atafungua Mambo ya Walawi sura ya 2. Hapo ataona, katika mstari wa 13, kwamba sadaka ya unga iliamriwa itiwe chumvi, na katika mstari wa 11, kwamba asali haikuruhusiwa kuchomwa madhabahuni. Tena atakimbilia Ayubu 6:6, ambapo Ayubu auliza kama chakula kisicho na ladha chaweza kuliwa bila chumvi. Atafunga kitabu chake na kusema, "Nimeshinda!"

Lakini mtu wa utamu naye ana Biblia. Atafungua Kutoka 16:31 na kuonyesha kwamba mana, chakula ambacho Mungu mwenyewe aliwapa watu wake jangwani, ladha yake ilikuwa kama ya maandazi yenye asali. Atafungua Mithali 24:13, ambapo baba amwambia mwanawe ale asali kwa kuwa ni njema. Naye atafunga kitabu chake na kusema, "Nimeshinda!"

Mwaona, wapenzi, jinsi mtu awezavyo kulivuta Neno la Mungu liwe shahidi wa ulimi wake? Sheria ile ya Walawi ilihusu madhabahu, si kifungua kinywa chetu. Na mana ilitolewa ili watu wasife kwa njaa, si ili wapishi wapate hoja. Tukianza na lile tunalolipenda, kisha tukatafuta mstari wa kuliunga mkono, hatuisomi Biblia. Twaituma kama mtumwa. Na mazoea hayo hayaishii jikoni. Hufika katika kamati ya kanisa, hufika katika kwaya, hufika katika mambo ya urithi na ardhi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Rumi, yapata mwaka 57 baada ya Kristo, kwa sababu walikuwa wakihukumiana juu ya chakula. Mmoja alikula kila kitu, mwingine alikula mboga tu. Paulo hakuwaambia nani mpishi bora. Aliwaambia kwamba ufalme wa Mungu hauonekani kwa yale yaliyomo katika sahani, bali kwa haki, na amani, na furaha anayoileta Roho Mtakatifu. Akawaonya wasimwangamize, kwa ajili ya chakula, mtu ambaye Kristo alimfia.

Basi, je, chakula ni jambo dogo siku zote? Hapa tusikilize kwa makini. Paulo yule yule, aliyesema chakula si kitu, alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia kwa sababu ya meza ya chakula. Kwa nini? Si kwa sababu Petro alikula kitu fulani. Ni kwa sababu Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, kisha wakaja watu fulani, naye akaogopa, akajitenga, akaondoka mezani. Chakula kilikuwa jambo dogo mpaka kilipotumiwa kumtenga ndugu. Siku ile kikawa jambo kubwa, lenye kuigusa Injili yenyewe.

Hapo ndipo penye kipimo chetu. Usiulize kwanza, "Ni nini kilichomo katika bakuli?" Uliza, "Ni nani aliyeachwa nje ya meza?"

Tufikirie nyumba moja, na kila mmoja wetu aitazame kama ni ya kwake. Kijana ameoa msichana kutoka mbali. Kwao msichana uji hutiwa sukari; kwao kijana, mama amepika uji wa chumvi tangu zamani. Asubuhi ya kwanza mkamwana aamka mapema, apika kwa bidii, atia sukari kwa heshima, kwa kuwa kwao mgeni wa heshima hupewa kitamu. Mama mkwe aonja, aweka kikombe chini, asema tu, "Asante, mwanangu, nimeshiba." Mkamwana aenda jikoni kulia. Kesho yake mama apika uji wake katika sufuria yake. Baada ya mwezi mmoja kuna meko mawili katika boma moja. Baada ya mwaka mmoja watoto wa jirani wajua ni nani hasemi na nani. Mume yu katikati. Akinywa kwa mama, mke anuna. Akinywa kwa mke, mama asema mwanawe amechukuliwa. Na Jumapili wote wawili, mama na mkamwana, wasimama katika kanisa moja, katika chama kimoja cha akina mama, wakiomba sala moja.

Je, shida ya nyumba hii ni chumvi? Hasha! Mama aliogopa kwamba hana nafasi tena. Mkamwana aliogopa kwamba hatapata nafasi kamwe. Hofu hizo mbili zilijificha ndani ya kijiko cha sukari. Lau mama angalisema, "Mwanangu, huu ni uji wa kwenu? Nifundishe," na lau mkamwana angalisema, "Mama, nionyeshe mkono wako wa chumvi," meko lingalibaki moja. Wazee wetu walinena: ukipenda boga, upende na ua lake. Aliyempokea binti wa watu amepokea pia na ladha ya kwao.

Tena kuna jambo la afya, nalo si la kuamuliwa kwa ulimi. Siku hizi wengi wetu wana ugonjwa wa kisukari, na wengi wana shinikizo la damu, ambalo twaliita presha. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, tukihesabu vyakula vyote. Kwa sukari ya kuongezwa lashauri isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na nusu ya hiyo ni bora zaidi. Na mtoto mchanga aanzapo kunywa uji akiwa na miezi sita, hahitaji chumvi wala sukari, na asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa maana yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Basi wakati sisi wakubwa twashindana, mdogo kuliko wote katika nyumba hataki cha huyu wala cha yule. Yeye ataka maziwa, na mkono wa kumshika.

Ikiwa mezani pako yuko mzee wa presha au mama mwenye kisukari, swali limebadilika. Si tena, "Mimi napenda nini?" Ni, "Ndugu yangu aweza nini?" Paulo asema katika Warumi 15:1 kwamba sisi tulio na nguvu yatupasa kuchukua udhaifu wao wasio na nguvu, wala si kujipendeza wenyewe. Kwa hiyo pika uji mtupu, kisha weka chumvi na sukari mezani, kila mtu atie kwa kiasi chake. Najua, mpishi wa chumvi atasema chumvi haikolei vizuri isipopikwa pamoja. Ni kweli, atapungukiwa na kitu. Na wa sukari naye atapungukiwa. Lakini amani haikununuliwa bure hata siku moja. Ile kuu kuliko zote ilinunuliwa msalabani. Je, sisi tutashindwa kulipa bei ya kijiko kimoja?

Tena twajua sote: chumvi ikishatiwa sufuriani haiwezi kutolewa. Neno baya nalo ni vivyo hivyo. Unaweza kuongeza maji, unaweza kuongeza unga, lakini kazi ya kuliponya ni kubwa kuliko kazi ya kulizuia.

Mwisho, mtu asifikiri kwamba twasema Mkristo awe mtu asiye na ladha, anayekubali kila kitu. La! Uji waweza kukosa chumvi, lakini Mkristo asikose. Bwana Yesu, katika Marko 9:50, aliwaagiza wanafunzi wake wawe na chumvi ndani yao, na papo hapo akawaagiza wakae kwa amani wao kwa wao. Aliyaweka mambo hayo mawili pamoja. Na waliagizwa hivyo baada ya kubishana njiani ni nani aliye mkubwa! Naye Paulo, katika Wakolosai 4:6, ataka maneno yetu yakolezwe kwa chumvi. Na Mithali 16:24 yafananisha maneno ya kupendeza na sega la asali. Kumbe mahali ambapo Biblia yataka chumvi na asali zikutane si bakulini. Ni kinywani mwetu: kweli isiyooza, ikisemwa kwa upole.

Basi, ndugu msikilizaji, ikiwa kuna meko mawili katika boma lako, asubuhi hii kabla jua halijapanda, chukua kikombe chako, uvuke ua, ukaombe uji kwa yule mwingine. Unywe wote, na umshukuru. Usiongeze neno.

Na tuombe. Ee Baba yetu, wewe utupaye chakula kila siku, wabariki waliotangulia kuamka ili sisi tule. Utusamehe tulipomfanya mwenzetu mgeni katika meza yako. Utie chumvi ya kweli mioyoni mwetu na utamu wa upendo midomoni mwetu, ili nyumba zetu zipatane, na jina lako litukuzwe. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.